Majogoo Pembeni mwa Mtakatifu Anna

Kila asubuhi Kimya alipasua yai, akakihamisha kiini toka ganda moja hadi jingine mpaka ute wote ukachuruzika, kisha akakikoroga na unga wa rangi za kuchorea picha za watakatifu. Asubuhi hiyo kiini kilimpasukia mkononi. Mlangoni alisimama Mamkubwa, dada wa marehemu mama yake.

"Hujambo, mwanangu? Hata kiti hunikaribishi?"

Alitaka picha ya Mtakatifu Anna, ndogo ya kuenea kiganjani, ampe bintiye siku ya harusi.

"Na pembeni uniwekee lile pambo alilokuwa akilichora mama yako, la maua ya mayungiyungi. Maskini mdogo wangu, nilivyompenda!"

Kimya aliitikia kwa kichwa. Mama alipokuwa mahututi, nesi alimpigia Mamkubwa simu pale pale kitandani, sauti ya Mamkubwa ikisikika chumba kizima: "Huyo mama simjui. Mmekosea namba." Mama alisikia. Akageukia ukutani, na hakusema tena neno.

Basi Kimya akalipiza kwa brashi. Katikati ya yungiyungi na yungiyungi alichora jogoo wa dhahabu, mdogo kama punje, mdomo wazi: jogoo yule aliyewika Petro alipomkana bwana wake. Alichora amekaza meno, akimwona akilini Mamkubwa akisawijika mbele ya wakwe. Alama hiyo hata watoto wa mafundisho ya dini waliijua.

Mamkubwa alipokuja kuchukua, akavaa miwani, akaisogeza picha dirishani.

"Jamani, vijogoo! Umeona harusi ukakumbuka kitoweo?" Akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mkono wa mama yako huu huu. Nitamwonyesha kila mtu."

"Mamkubwa..."

"Sema basi. Wewe nawe, maneno mpaka uvutwe kwa kamba!"

Picha ilikuwa inaingia mkobani. Kisasi chake chote kilikuwa kinaondoka kikiwa zawadi, tena kimesifiwa. Kimya akaushika mkoba. Sauti ilimtoka nyembamba, lakini ilitoka.

"Hilo si pambo. Ni jogoo wa Petro, na Petro mwenyewe ni wewe. Nesi alikuuliza, ukasema humjui, na mama alikuwa anasikia. Nilitaka uaibike mbele ya watu wote, Mamkubwa. Na bado nataka."