Mapazia Manane

"Hilo la nyuma lipunguze sentimita mbili, Mama," Yasuji alisema, macho yake kwenye ramani. "Litaburuzika."

Kinuko, mkewe, akalipunguza. Lilikuwa pazia la nane na la mwisho, moja kwa kila dirisha la kigari chao, na cherehani ilikuwa haijatoka mezani tangu mwezi wa tano.

Kwa miaka thelathini na nane Yasuji alisambaza tofu katika mji ule ule, akigeuza gari kwenye daraja lile lile. Hokkaido, kisiwa cha kaskazini, alikiona kwenye kalenda za muuza mbolea tu. Sasa alikuwa amepanga siku kumi na moja: kivuko kutoka Hachinohe, mashamba ya mirujuani, miamba ya kaskazini. Hoteli hakuna. Wangelala garini kwenye vituo vya barabarani, ambako hakuna anayetoza maegesho, na kuoga kwenye bafu za umma. Kitanda cha plaiwudi alikipima, akakikata, akakipiga msasa mara tatu. Safari ilikuwa Jumamosi.

Asubuhi hiyo mwana wao, Tomoaki, alikuwa amelipeleka gari kwenye ukaguzi wa lazima. Saa nane mchana alirudi kwa basi.

Alivua viatu mlangoni, akapiga magoti, akaweka karatasi juu ya ramani. Kigari kilikuwa kimefutwa kwenye usajili na kupelekwa kuvunjwa. Alieleza polepole, kama mtu aliyefanya mazoezi: ukuta wa jirani ambao Baba aliugonga mwezi wa tatu, pedali ya mafuta iliyokanyagwa badala ya breki, wanafunzi waliokuwa wamepita hapo dakika moja kabla. Yote yalikuwa kweli, na Yasuji hakubisha hata moja.

"Kuna mabasi ya watalii, Baba," Tomoaki alisema. "Wazee wanapunguziwa nauli. Mnakaa tu, mnatazama."

"Tunatazama visogo vya wenzetu."

Kisha Yasuji akaisoma karatasi ya pili, hati ya idhini ya kulivunja gari. Chini ya jina lake ulikuwepo muhuri wake, ule unaopigwa badala ya sahihi, mwekundu, umenyooka. Muhuri huo ulikaa kwenye droo ya cherehani, chini ya nyuzi, na Tomoaki hakuwahi kujua ulipo.

"Umepiga wewe, Mama?"

"Mimi."

"Lini?"

"Mwezi wa tano."

Yasuji akayatazama mapazia saba yaliyokunjwa, kona kwa kona.

"Na bado ukashona."

"Ningeacha ungeshtuka, Baba Tomoaki."

Tomoaki alisema basi lake linakaribia. Hakuna aliyemsindikiza.

Alipoondoka, Yasuji alilichukua pazia la nane, akalipandisha kwenye dirisha la jikoni. Halikufika chini. Kwenye ule mwanya paliingia mwanga, na pakaonekana doa la oili pale gari lilipokuwa likiegeshwa.

"Naweza kurudisha zile sentimita mbili," Kinuko alisema.

Yasuji aliendelea kulishikilia, mikono juu, mpaka chai iliyokuwa mezani ikapoa.