Sakafu Ambayo Baba Hakutaka Kuikanyaga

"Nyumbani mnapenda ipi?" Hamdani wa duka la vifaa vya ujenzi aliniuliza, akiwa ameshika vipande viwili vya lamineti. "Hii ya rangi ya asali au hii nyeusi nyeusi?"

"Tunapenda ya asali," nikasema.

Nyumbani tulikuwa mimi, friji, na saa ya ukutani. Lakini duka lilikuwa limejaa watu wanaosubiri misumari na rangi, nami huona aibu kumsahihisha mtu mbele za watu. Nikabaki na ile "tunapenda" mdomoni kama mtu aliyeazima nguo ya mwenzake.

Nilikuwa nimeanza na mbao halisi. Fundi seremala mmoja kule Singe alinionyesha mninga, mzuri mno, lakini akasema itabidi zipigwe randa, zikaushwe, zipigiliwe juu ya fremu, na mlango wa sebuleni ukatwe chini. Hamdani akanipunguzia safari. "Hii ni unga wa mbao ulioshindiliwa," alisema, akigonga kile kipande kwa kucha. "Juu ina sura ya mbao. Vipande vinaingiliana vyenyewe, hakuna msumari. Ila sakafu ya chini iwe kavu na iwe sawa, dada. Ikiwa na bonde, ubao utacheza. Na maboksi uyalaze chumbani siku tatu nne kabla ya kuzitandika hizo mbao, zizoee hewa ya nyumba yenu."

Ya nyumba yenu. Nikaitikia kwa kichwa.

Alikubali niende na vile vipande viwili nyumbani nikavitazame kwenye mwanga wa sebuleni. Nilivilaza sakafuni, nikavua viatu, nikasimama mguu mmoja huku na mwingine kule. Ya asali ilikuwa na joto kidogo, au niliona hivyo. Nikageuka kumuuliza mtu. Ni mazoea tu. Shingo hugeuka yenyewe.

Ile sakafu ya zamani Baba aliimwaga kwa mikono yake. Tulikuja Babati mwaka mkoa wa Manyara ulipoanza, yeye akiwa mtumishi wa ujenzi, mimi nikiwa darasa la tano, mtoto wao wa pekee. Tulipanga vyumba viwili, kisha akajenga Bagara. Sakafu aliitia rangi nyekundu, na kila Jumamosi Mama aliisugua kwa dawa na kipande cha blanketi kuukuu mpaka ukiinama unaona meno yako. Mama alipofariki, jeneza lake liliwekwa katikati ya hiyo sebule, na watu wakapita wakiaga, wakiingia kwa mlango wa mbele na kutokea kwa mlango wa jikoni.

Siku ya arobaini ilipopita, Baba alifunga nguo zake kwenye begi la kijani na kuhamia shambani kwetu Bonga, kwenye kibanda cha vyumba viwili. Nilimfuata hadi getini.

"Siwezi kukanyaga tena pale alipolazwa mama yako," alisema. "Usinilazimishe, Eve."

Sikumlazimisha. Bonga si mbali, kwa bodaboda haifiki nusu saa. Nilikwenda kila Jumapili na sukari, sabuni na gazeti. Tuliongea habari za mahindi. Alinisindikiza barabarani, akasimama mpaka pikipiki ipotee. Kwa mwaka mzima na mwezi mmoja hakurudi nyumbani hata mara moja.

Mimi nilisomea upimaji wa ardhi, na kazini nachora ramani za viwanja. Mtu akiniambia mita kumi na mbili na nusu, ninaandika kumi na mbili na nusu. Maneno ya Baba niliyachukua hivyo hivyo. Kama kinachomfukuza ni sakafu, nitabadilisha sakafu. Nikishamaliza nitakwenda kumchukua, afungue mlango aone sebule nyingine kabisa, aingie, akae. Sikumwambia. Niliogopa kwamba nikimwambia atakataa, na akikataa sitakuwa na kitu kingine cha kujaribu.

Nikapima chumba: mita nne na nusu kwa tano na robo. Nikachora. Nikabandika vipande vya nailoni sakafuni, kila kimoja kwa selotepu pande zote nne, kama Hamdani alivyonielekeza, nione kama unyevu unapanda. Asubuhi nililala kifudifudi kando ya kila kimoja na kukichungulia. Vilikuwa vikavu, isipokuwa kile cha kona ya dirishani, ambacho chini yake kulikuwa na matone madogo, mengi, kama jasho juu ya mdomo. Nikachimba mfereji nje ya ule ukuta, maji ya bati yakapata njia. Wiki mbili baadaye nikabandika tena. Pakavu.

Halafu yakaja maboksi. Niliyalaza katikati ya sebule, nikalazimika kupita kando kando ya ukuta kwenda jikoni. Jioni ya tatu nilirudi kutoka kazini, nikafungua mlango na kusema, "Mmeshindaje?" Nikacheka peke yangu, kisha sikucheka tena.

Fundi aliitwa Marseli, mtu wa maneno mengi na mikono safi. Alikuja Jumamosi asubuhi. Wingu lilikuwa limekaa juu ya Mlima Kwaraa.

"Dada, hivi vyote vitoke nje," alisema, akionyesha makochi, meza, viti sita vya kulia chakula. Tukayasukuma maboksi chumbani kwangu, kisha tukatoa vyombo. Sebule ikabaki tupu. Mara ya mwisho kuiona hivyo ilikuwa ile siku ya jeneza.

"Mvua ikinyesha makochi yataloa," nikasema.

"Turubai lipo kwenye baiskeli." Akalifunga kutoka kwenye bati hadi kwenye nguzo za kamba ya nguo. Ili vitu vyote vienee chini yake, akapanga makochi upande mmoja na viti upande wa pili, vikitazamana. Mimi nilikuwa nimejifunga khanga kiunoni na nyingine kichwani kwa ajili ya vumbi. Simu niliiweka ndani ya mkoba, mkoba kabatini, ili isiingie mchanga.

Marseli akaweka pima maji sakafuni, akalaza ubao mrefu, akatikisa kichwa. "Sakafu ina bonde hapa katikati. Imelika."

"Imesuguliwa sana," nikasema.

Akaikwangua ile dawa nyekundu. Vumbi lake likapanda likanijaa machoni. Kisha akakoroga simenti laini na kulijaza lile bonde, akalipitishia mwiko mpaka likanyooka kama maziwa kwenye sahani. "Mtu asipite hapa mpaka kesho," alisema. "Hata kuku." Nikaenda kunawa macho bombani, nayo yakawa yanachoma na kutiririka.

Nilipoinuka, Mama Sele wa nyumba ya pili alikuwa anaingia getini. Alikuwa amejitanda khanga, anatembea polepole, kichwa ameinamisha, mkononi kilo mbili za sukari. Nyuma yake walikuwa wanawake watatu, mmoja na mzigo wa kuni kichwani.

Mama Sele akanikumbatia. "Pole, mwanangu. Pole sana."

"Asante, mama," nikasema.

Nilisema bila kufikiri. Mwaka uliopita nilikuwa nimelisema neno hilo mara mia kwa siku, kwa mikono ileile, shingo ikiwa imelazwa kwenye bega lilelile. Nilisikia harufu ya moshi kwenye khanga yake. Hakuna mtu aliyekuwa amenikumbatia tangu wakati ule. Sikujitoa. Nasema ukweli, nilianza kulia.

Basi nao wakaangua kilio.

"Jamani Baba Evelyne!" alilia yule wa kuni. "Juzi tu nimemwona Bonga anauza vitunguu!"

Hapo ndipo nilipojitoa. "Baba? Baba amefanya nini?"

Wakanyamaza. Mama Sele akanitazama, akatazama turubai, akatazama viti vinavyotazamana, akanitazama macho.

"Kwani hapa kuna nini?" aliuliza.

"Ninabadilisha sakafu."

"Sakafu?"

"Ya sebuleni."

Marseli akatoka mlangoni na mwiko wake, akashika kiuno. "Akina mama, karibuni. Mbona mnalia, mmeona bei ya simenti?"

Mama Sele alikaa kwenye kochi kwa kishindo. "Wewe mtoto una kichaa! Turubai, viti nje, umejifunga khanga, macho mekundu, mtu anakupa pole unapokea! Nimeshatuma watu mpaka sokoni!" Mwingine akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasema samahani, nikasema tena, sauti haitoki.

"Na hizi kuni?" aliuliza aliyezibeba.

"Tuchemshie chai, basi," alisema Mama Sele. "Na sukari chukua, nitairudishaje dukani sasa, niseme marehemu kafufuka?"

Maji yalikuwa hayajachemka tuliposikia pikipiki inakuja kwa kasi isiyo ya kawaida. Ilikaribia kugonga nguzo ya geti. Baba aliruka kabla haijasimama. Alikuwa na mabuti ya shambani yamejaa tope mpaka magotini, na shati amefunga vifungo vibaya.

Yule mwenye kuni alipiga ukelele. Baba hata hakumtazama. Baadaye nilielewa: dereva mmoja wa bodaboda alipita na kuona turubai, akafika Bonga akamwambia, Mzee, kwako kuna msiba. Baba alikuwa amepiga simu yangu mara kumi na moja. Kwenye nyumba ile, ukinitoa mimi, hakukuwa na mtu mwingine wa kufa.

Hayo ya getini nilisimuliwa; mimi nilikuwa jikoni, natafuta vikombe. Nilisikia jina langu.

"Evelyne! Eve!"

"Mzee, usipite hapo!" Marseli alipaza sauti. "Mzee, simenti mbichi!"

Nilitokeza mlango wa jikoni nikiwa na kikombe mkononi. Baba alikuwa ameshaingia kwa mlango wa mbele. Alikuja moja kwa moja, katikati ya sebule, mabuti yakizama na kutoka, mpaka akanifikia. Akanishika uso kwa mikono yenye udongo. Akanishika mabega, mikono, kama mtu anayehesabu vitu vilivyorudi kutoka safarini.

"Uko mzima," alisema.

"Shikamoo, Baba."

Hakuitikia marahaba. Alikuwa anahema.

Tulikaa kwenye yale maboksi chumbani kwangu, Baba akiwa ameshika kikombe cha chai ambayo hakuinywa. Nilimweleza yote: Hamdani, nailoni, mfereji, rangi ya asali. Alisikiliza akitazama mabuti yake.

"Nani amekuambia uifunike ile sakafu?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema huwezi kukanyaga pale."

Alikwangua tope la buti kwa kidole. "Umepoteza mshahara wako wote kwa neno hilo," alisema.

"Ulilisema, Baba."

"Nililisema. Watu walikuwa wananiuliza kwa nini naondoka. Ilibidi niseme kitu." Akazungusha kikombe. "Asubuhi nilikuwa naamka hapa, namsikia anasugua. Hata siku isiyo Jumamosi. Sasa hilo utalifunika kwa ubao gani?"

Nilitaka kumwambia kwamba mimi pia namsikia, na kwamba mimi nimebaki nikisikiliza. Nilifungua mdomo. Kilichotoka ni, "Chai inapoa."

Akanywa. Akapapasa boksi alilokalia. "Zimekaa siku ngapi?"

"Siku ya nne leo."

"Vizuri. Zimeshazoea."

Alitokea kwa mlango wa jikoni. Pale kizingitini aligeuka, akaitazama sebule, akaona njia aliyoipita. Alitazama kwa muda. Halafu akasema ameacha ndama amefungwa juani, na dereva bado anamsubiri.

"Ukimaliza utaniambia," alisema getini.

"Utakuja?"

"Tutaona, Eve."

Safari hii mimi ndiye niliyesimama mpaka pikipiki ikapotea.

Wanawake walikuwa wameosha vikombe na kwenda zao. Kuni zilibaki zimepangwa ukutani. Marseli alikuwa amepiga magoti mlangoni, na mwiko na ndoo ya simenti kando yake. Nyayo zilikuwa saba, nzito, zikitoka upande wa mlango wa mbele kuelekea wa jikoni, zikipita palepale jeneza lilipokuwa. Mistari ya soli za mabuti ilionekana yote.

"Bahati yake haijakauka," alisema Marseli. "Dakika tano nazifuta." Akanyoosha mkono.

"Acha," nikasema.

Aligeuka. Nadhani hakuwa ameisikia sauti yangu namna ile. Hata mimi sikuwa nimeisikia.

"Dada, ikikauka hivi ubao hautakaa sawa. Utacheza. Kila ukipita utasikia, ko, ko."

"Ucheze."

"Na watu wakiniuliza fundi ni nani?"

"Usiwaambie."

Akatikisa kichwa, akaosha mwiko wake, akafunga vitu kwenye baiskeli. Turubai aliliacha, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza. Nilikaa chini yake kwenye kochi, viti sita vitupu vikinitazama, nikingoja simenti ikauke.