Siku Nevio Alipokataa Kukaa

Upepo ulivunja dirisha la jikoni asubuhi, tukiwa mezani tunakunywa kahawa. Haukubisha hodi. Kioo kiliingia chote kwa mkupuo, kikamwagika kwenye sinki, na pazia likapaa hadi darini. Kaka yangu Nevio alibaki na kikombe hewani.

"Hii sasa ni dharau," alisema.

Huku kwetu Trieste upepo huo una jina lake. Unaitwa bora, na jina lisikudanganye, hauna ubora wowote. Hushuka kutoka mlimani wakati wa baridi, ukaangusha vigae, pikipiki na wazee, kisha ukaingia baharini kana kwamba haukufanya kitu. Ukija na mvua ya barafu tunauita bora mweusi, na siku hiyo ndio huo uliokuja.

Nilimpigia simu fundi vioo. Nilisikia upepo ukivuma hata huko alikokuwa.

"Mama, wewe una dirisha moja," alinijibu. "Mimi nina mtaa mzima. Labda alasiri. Ufunguo muachie jirani."

Tuliziba tundu kwa ubao wa kupigia pasi na blanketi kuukuu, lakini baridi ilikwisha kuingia na haikuwa na nia ya kutoka. Nikamwambia Nevio tutafute mkahawa wenye joto, tukae humo mpaka fundi amalize. Nilisema kwa sauti ya kawaida. Moyoni nilikuwa nashukuru dirisha lile kuvunjika, maana kulikuwa na neno nililolibeba tangu vuli, na nyumbani nilikuwa nimeshindwa kulitua.

Neno lenyewe lilikuwa Stanko. Ni Mslovenia, mjane, ana shamba la mizabibu kule juu uwandani, na siku chache kila mwaka hufungua ua wake, watu wakaja kunywa mvinyo wake na kula mayai na nyama ya nguruwe aliyoikausha mwenyewe. Nilikwenda na wenzangu wa dukani tunakouza nyuzi na vifungo. Nikarudi tena bila wenzangu. Mwezi wa kumi na moja alinitaka nimuoe, yaani alisema hivyohivyo kwa Kiitaliano chake kilichopinda, kwamba mimi nimuoe yeye, nami nikacheka, nikakubali. Nilikuwa na miaka hamsini na minane.

Ila Nevio. Nevio ana miaka sitini na mitatu na hajapata kulala katika nyumba ambayo haina mwanamke wa ukoo wetu ndani yake. Kwanza alikuwapo mama na shangazi, kisha mama, kisha mimi. Maisha yake yote aliendesha winchi bandarini, peke yake juu kule, na labda ndiyo maana aliposhuka alitaka kukuta watu. Nilijaribu kumwambia wakati wa chakula, nikaishia kumwuliza kama chumvi inatosha. Nilijaribu tukiwa tunatandika shuka. Kila nilipofungua mdomo alikumbuka jambo chumba cha pili.

Kwa hiyo tulivaa kila kitu chenye sufu, tukatoka. Kwenye kona yetu kuna mkahawa wa Ezio, una meza mbili zimekaa kandokando ya jiko la joto. Moja ilikuwa wazi. Nilikaa, nikavua glavu, nikavuta pumzi. Mjue kwamba kaka yangu ni mtu wa kukaa. Akishika kiti cha mkahawa hukishika mpaka wenye mkahawa waanze kupindua viti vingine juu ya meza.

Ezio alikuja na trei, uso unang'aa kama aliyeokota pochi.

"Ahaa, Bi Ondina! Karibu sana. Haya tuambie, ni lini sasa hiyo—"

Nevio akasimama. "Ezio, mlango wako unapitisha upepo."

"Mlango ule?"

"Unanipiga mgongoni. Twende, Ondina."

"Tumekaa sasa hivi!"

"Mgongo wangu naujua mimi."

Tukatoka. Ezio alibaki ameshika trei, akanikonyeza jicho. Nilidhani ni kunihurumia.

Tukashika njia ya kuelekea mfereji wa mashua. Kutembea ndani ya bora si kutembea, ni kubishana. Unainama, unasukuma, ghafla upepo unajikata na wewe unataka kuanguka kifudifudi. Barafu ilikuwa inatuchoma mashavuni kama mchanga. Mkahawa wa mferejini ni wa zamani, una viti vya mahameli nyekundu iliyochakaa na magazeti yaliyofungwa kwenye fimbo, na siku ya bora mji mzima hukumbuka kwamba unaupenda. Makoti yaliyolowa yalitundikwa matatu matatu. Tulisimama mlangoni tukitafuta nafasi, na mara mkono ukanyanyuka kule nyuma. Alikuwa Uccio, aliyefanya kazi na Nevio bandarini.

"Nevio! Njooni, tutabanana! Na huyo si ndiye—"

"Kuna harufu ya mbwa humu," Nevio alisema, akanishika kiwiko.

"Mbwa gani? Sioni mbwa."

"Ametoka. Harufu imebaki."

"Nevio, tangu lini pua yako ikawa ya malkia? Miaka arobaini umekaa kwenye moshi wa meli!"

Lakini alikwisha fika nje. Nilimkuta ameshika nguzo ya taa, kofia ameikandamiza kichwani, anatazama huku na huku kama anayetafuta njia ya kutorokea. Nami nikaona basi, yametosha. Ikiwa hakuna kiti duniani atakachokikalia leo, nitamwambia hapohapo. Kulikuwa na bibi mmoja mfupi amekumbatia nguzo hiyohiyo, mfuko wa vitunguu umemning'inia mkononi, anangoja upepo upungue avuke barabara.

"NINA NENO LA KUKUAMBIA!" nilipiga kelele.

"NINI?"

"STANKO!"

"NANI?"

"STANKO AMENIPOSA!"

"AMEKOSA? AMEKOSA NINI?"

"AMENIPOSA!"

"SIKUSIKII!"

Yule bibi akageuza shingo kwa shida. "AMEMPOSA, WEWE KIZIWI! HATA MIMI NIMESIKIA!" Kisha akanitazama mimi. "ANA NYUMBA?"

"ANA NYUMBA NA MIZABIBU!"

"KUBALI, MWANANGU!"

Nevio aliachia nguzo, akaondoka kwa hatua ndefu, koti limejaa upepo kama tanga. Nikamkimbilia. Nilikuwa na hasira sasa, tena hasira ile mbaya yenye kilio ndani yake. Nilijua amesikia. Nilimfuata kupitia vichochoro nyuma ya soko la samaki, kila mlango wenye mvuke kwenye kioo nikimwambia "tuingie hapa" naye akijibu hapana. Huku kuna muziki. Pale kuna watoto. Kule wanapima kahawa kwa kijiko cha dawa. Miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi. Mwishowe tukafika mbele ya mkahawa wa Licia, wenye meza tano na jiko la kuni, na kupitia kioo niliona meza tatu tupu.

"Hapo siingii kabisa," alisema.

"Kwa nini?"

"Kahawa yake chungu."

"Unakunywa hapo kila siku ya Mungu!"

Sijui angejibu nini. Kigae kilitoka paani kikapasukia mbele ya viatu vyetu, vipande vikaruka hadi magotini. Nilimsukuma Nevio mlangoni kwa mikono miwili, tukaingia ndani kama magunia.

Licia ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuita vivuko. Aliacha mashine yake ya kahawa ikifuka, akatoka nyuma ya kaunta na mikono ameipanua.

"Bi harusi wetu! Njoo nikubusu! Nevio, Mungu wangu, umemleta hatimaye!"

Alinibusu shavu hili na lile. Nilisimama maji yakinidondoka kwenye sakafu yake.

"Nani kakuambia?" niliuliza.

"Si huyu kaka yako. Tangu zabibu zinavunwa anatuambia. Kwanza kwamba jamaa amekuja kwake kwa adabu zote, na chupa mbili kwapani. Halafu kwamba umekubali. Tumefurahi, bibi wee, mjini hapa watu wanazikana tu." Hapo akaniangalia vizuri, akamwangalia Nevio, na furaha yake ikaanza kushuka polepole. "Kwani... niwaletee kahawa," alisema, akarudi nyuma ya kaunta.

Hatukukaa. Nevio alikuwa anasugua kidole kwenye ukingo wa meza.

"Stanko alikuja kwako?"

"Mwezi wa tisa. Ulikuwa kazini."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia mimi si baba yako, akuulize mwenyewe. Na kwamba akikuuliza, jibu asiniletee, wala asikuambie kwamba alikuja kwangu. Akaapa. Ni mtu wa kiapo, nimemchunguza."

"Sasa ulijuaje nimekubali?"

"Uliporudi siku ile ulimenya viazi ukiimba." Alisema kama anayetoa ushahidi mahakamani. "Wewe huimbi, Ondina. Sauti yako ni kama ya bawaba."

"Miezi yote hii!" nilisema, na sauti yangu ilipanda nikashindwa kuishusha. "Silali! Napanga maneno, napangua. Nakuangalia ukila nasema ataishije huyu. Kumbe Ezio anajua, Uccio anajua, mji mzima umeshakula karamu ya harusi yangu, na mimi bado natafuta pa kuanzia! Kwa nini, Nevio? Kama uliweza kuwaambia wao, mimi ulishindwa nini?"

Alitembea mpaka kwenye jiko la kuni, akarudi. Akaenda tena.

"Nilikuwa najizoesha," alisema.

"Kujizoesha nini?"

"Kusema. Nilianza kwa Ezio. Nilitaka kusema dada yangu anaolewa, likanikwama hapa, nikaagiza kahawa nyingine badala yake. Kesho yake nikamwambia Uccio, likatoka nusu, nikadai nimepaliwa. Hapa kwa Licia ndipo lilipotoka zima, na Licia akawamalizia wengine. Nikajiambia, vizuri, sasa kalimalizie nyumbani. Nikifika nyumbani nakukuta na miwani yako puani, unashona kifungo cha shati langu." Akakohoa. "Huku kwa watu ilikuwa habari tu, kama habari za meli. Nyumbani ingekuwa kweli."

Nilitaka kuendelea kugomba. Nilikuwa na mengi bado, mengine makali, na nilikuwa na haki nayo. Lakini nilijikuta mimi ndiye ninayetembea sasa, kutoka mlangoni hadi kaunta, nikivua skafu na kuivaa tena. Muda wote nilifikiri neno likishatoka nitapumzika. Lilikuwa limetoka, na mwili wangu ulikataa kutulia. Nilimwona kaka yangu jinsi alivyokuwa, mzee mwenye nywele zilizolowa, na nikajua kwamba sitabadili nia, na kwamba jambo hilo litauma hata hivyo.

"Jamani, kaeni," alisema Licia, akiweka mezani bilauri mbili ndogo za kahawa yenye tone la maziwa. "Mnanizunguka kama nyuki."

Tulikunywa tumesimama. Simu yangu ililia. Alikuwa fundi, anasema kioo kimeshaingia na anauliza atalipwa na nani, nikamwambia tutazungumza. Hakuna kati yetu aliyeinuka kwenda, kama ni haki kusema kuinuka kwa watu ambao hawakukaa.

"Chumba chenu cha kule juu kwa Stanko," Nevio alisema baadaye sana, "dirisha linatazama wapi?"

"Kusini."

"Afadhali. Angekupa upande wa kaskazini, usingekubali."

"Utakuja Jumapili?"

"Basi la kule juu linanichafua tumbo."

"Utakuja?"

"Tutaona hayo," alisema, akamwita Licia, akamwagizia kahawa nyingine, kisha akaghairi.

Stanko nilimgombeza peke yake, siku nyingine, kwa ajili ya kiapo chake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema angeapa tena.

Tulioana mwezi wa nne, mvua inanyesha. Nevio alikuwa shahidi wangu. Alivaa suti aliyovaa kumzika mama, na alipoulizwa kama anafahamu kwa nini yuko pale alijibu "ndiyo" kwa sauti kubwa hata watu wakacheka. Chakula tulikula kule juu, kwenye ua wa Stanko, chini ya turubai. Ezio alikuja, Uccio alikuja, Licia alikuja na keki mbili. Tulipoanza kukata keki niliona kiti cha kaka yangu kitupu, na koti lake halipo.

Nilikwenda ukingoni mwa turubai, panapoonekana barabara. Alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi, bila mwavuli. Basi lilikuja likafungua mlango, yeye akatikisa kichwa, likaondoka. Likaja jingine. Akatikisa kichwa tena. Nilikuwa naokota viatu vyangu ili niende, Stanko akanigusa bega, akasema niache. Alichukua mwavuli mkubwa wa shambani, akavuka.

Sikusikia walichosema. Walisimama bega kwa bega chini ya mwavuli, wanatazama upande ambao mabasi hutokea. Licia alikuja akasimama nyuma yangu akitafuna.

"Wanangoja nini wale?"

"Sijui," nikamwambia.

Mvua ilipopungua niliona Nevio anaonyesha kitu kwa kidole juu ya paa letu, nafikiri kigae kilichokaa vibaya, na Stanko anakubali kwa kichwa. Kisha wakavuka barabara pamoja, na kaka yangu akaingia akiuliza kama nyama imebaki.