Nyuzi Mbili za Manjano

Kaka yangu Torquil alikuwa anakufa polepole, kama alivyofanya kila kitu, na alitaka azikwe amefunikwa kitambaa cha ukoo wetu, chenye mistari ya rangi inayotutambulisha. Si cha dukani. Cha dukani wanavaa watalii, magoti yao mekundu kama kamba wa kuchemsha. Alitaka nikifume mimi kwenye mtambo wa baba, naye akione kabla hajafumba macho.

"Nyuzi za kijani ishirini na nne," alinihesabia akiwa amelala, "nyeusi nne, buluu ishirini na nne, nyeusi nne tena, kisha kijani. Na katikati ya kijani, manjano nne."

"Sita," nikasema.

"Nne, Ishbel. Miaka sitini na mitano nasema nne. Kijiti kilisema nne."

Nikaanza kumtania habari za padri, ndivyo nilivyo siku zote. Muulize yeyote hapa kisiwani.

Kijiti ndicho kilichokuwa kitabu chetu. Kipande cha mti, urefu wa mkono, kimezungushiwa nyuzi kwa mpangilio wa rangi na idadi ya nyuzi za kila mstari wa kitambaa. Ukitaka kutanda mtande, zile nyuzi za urefu kwenye mtambo, unahesabu kijitini, humuulizi mtu. Torquil alikabidhiwa alipofika miaka kumi na saba, afume kitambaa cha harusi ya binamu yetu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, kazi yangu kuchambua sufu, na kaka alitembea na kile kijiti kwapani kama askofu. Hata kukitazama alinikataza.

Basi alipokwenda kula, nikafungua mizunguko miwili ya manjano, nikaikata, nikaitupa motoni, na iliyobaki nikaisogeza ikabanana. Nilitaka achekwe siku moja. Siku moja tu.

Alifuma yadi thelathini. Siku ya harusi shangazi mmoja aliinama kwenye vazi la bwana harusi, akahesabu kwa ukucha.

"Nne? Ehe, na huu ni ukoo wa nani?"

Watu wakaangua kicheko. Nyumbani kijiti kikaletwa mezani: nne. Baba akamwambia Torquil, "Umekipunguza ufiche kosa lako. Mjinga ningemvumilia. Mwongo, hapana." Mimi nilikuwa nyuma ya kapu la sufu. Mkono wa baba niliujua. Sikutoka.

Wiki ile ile Torquil akapanda meli. Alirudi baada ya miaka arobaini na mmoja, baba na mama wako ardhini, na hatukulitaja tena jambo lile, ila yeye kusema nne na mimi kugeuza maneno kuwa mzaha.

Sasa mtande ulikuwa unangoja. Nikiweka sita, angekufa akijua hata dada yake anamwita mwongo. Nikiweka nne, ningemfunika kwa wizi wangu na kumlaza ubavuni mwa baba hivyo hivyo. Jumatatu nikavuta kiti karibu naye.

"Kaka, kijiti kilisema nne kwa sababu mbili nilizitoa mimi."

Akacheka hadi akakohoa. "We mtoto! Hata mtu akiwa anakufa humwachi?"

"Leo sitanii."

"Juzi umeniambia padri ameota mkia."

"Leo sitanii, Torquil. Ulikuwa unakula viazi. Nilizikata nikazichoma."

Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Baba alijua?"

"Hakujua. Alikufa akidhani ni wewe."

"Na mimi nilidhani ni yeye," akasema. "Nilidhani alikipunguza mwenyewe ili apate sababu ya kunifukuza. Aliniandikia barua nane, Ishbel. Sikufungua hata moja."

Nikamshika mkono. Akauondoa, si kwa hasira, kama mtu anayeutaka kwa kazi nyingine, kisha akageukia ukutani.

"Weka sita," akasema.

Hakuniambia neno jingine. Muuguzi wake, Peigi, alimlisha uji wa shayiri siku zile, na kila aliposikia hatua zangu mlangoni Torquil alifumba macho. Alhamisi hakuyafumbua. Kitambaa kilikuwa kimebakiza kama urefu wa mkono kukamilika, na hakukiona.

Nilikimaliza Ijumaa. Jumamosi nikamfunika mwenyewe, nikanyoosha mistari ya manjano juu ya kifua chake. Wazee wa ukoo wakaja mmoja mmoja, wakainama, wakahesabu. Kwetu hata maiti hukaguliwa.

"Sita," akasema binamu Lachlan, ameridhika. "Mwisho wa yote Torquil kakiri kwamba baba yake alikuwa na haki."

"Hakukiri kitu," nikasema. "Kijiti nilikiharibu mimi."

Wakaanza kucheka, wananijua. Lachlan hata akanipiga bega. Nikasimama pale karibu na jeneza, nikangoja wamalize, kisha nikaanza kuwaeleza upya, tangu viazi.