Averil Aliyeitwa Jean

Uvumi ulimfikia Hetty Tordoff siku ya Jumatatu, mashuka yaliyolowa yakimjaa mikononi. Jumatatu mtaa mzima hufua, na kamba za nguo huvuka njia kutoka nyumba za upande huu hadi za upande ule, hata anayepita hana budi kuinama. Bi Sutcliffe, jirani yake wa mlango wa pili, aliinama akapita chini ya mashuka yake mwenyewe, vibanio vya nguo vikiwa mdomoni, akavitema kiganjani.

"Shoga, nikwambie neno usinichukie?"

"Sema tu, Bi Sutcliffe. Hata nikikukataza utasema."

"Hilo jina la binti yako. Shemeji yangu alikuwa maktaba, akawakuta wanaume wanabishana juu ya majina ya watu. Eti Averil maana yake nguruwe."

"Nguruwe?"

"Nguruwe huyuhuyu wa soseji. Mimi simo. Nimeambiwa, nami nakuambia."

Hetty akacheka. Alicheka kwa nguvu ili hata jirani wa kamba ya tatu asikie kwamba ameona ni mzaha. Lakini alipoingia ndani na kumkuta mwanawe amekaa chini ya meza anamvika paka kofia, neno lile lilikuwa limeshamwingia, na halikutoka. Alilisikia akimenya viazi. Alilisikia kanisani watu wakiimba.

Jina lenyewe lilitoka kwa bibi yake Wilf, mume wa Hetty. Huyo bibi alikuwa mwanamke wa mashambani, upande wa mashariki wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ambako majina ya zamani yalichelewa kufa. Hetty alilipenda tangu alipolisikia mara ya kwanza. Siku alipokwenda kuandikisha mtoto, msajili wa vizazi aliinua kalamu akamtazama. "Averil? Mama, hili siliandiki mara kwa mara. Wote wananiletea Jean, Joan na Margaret." Hetty akarudi nyumbani kichwa juu, kana kwamba amenunua kitu ambacho duka zima kilikuwa kimoja tu. Na kweli, katika mtaa ule ukisimama kizingitini ukaita Jean, watoto wanatoka kila mlango. Ukiita Averil, anatoka mmoja.

Sasa ule upekee ukamgeuka. Mtu akiwa na jina ambalo hana mwenzake, hana pa kujificha nalo.

Watoto nao walishasikia. Wakawa wakimwona Averil wanakoroma kama nguruwe. Averil, aliyekuwa na miaka saba na pengo la meno ya mbele, hakujali hata kidogo. Aliwakoromea yeye kwa sauti kubwa kuliko wao wote, akawafukuza mpaka mwisho wa njia, kisha wakarudi pamoja wakicheka. Aliyeumia ni mama aliyekuwa dirishani.

Angeweza kuuliza. Nyumba ya kasisi ilikuwa mtaa wa pili tu, na kasisi alikuwa mtu wa vitabu. Lakini Hetty alitolewa shule mapema akapelekwa kiwanda cha sufu kuunga nyuzi zinazokatika, na aliogopa kusimama mbele ya msomi na kuuliza jambo ambalo huenda kila mtu analijua isipokuwa yeye. Itakuwaje kasisi akisema ni kweli? Afadhali kutouliza. Hivyo ndivyo alivyojiambia.

Jioni moja akamwambia Wilf, "Kuanzia kesho mtoto ni Jean."

Wilf alikuwa anavua viatu vyake vya mbao. "Jean yupi?"

"Jean wetu. Averil."

"Hetty, hilo ni jina la bibi yangu."

"Bibi yako hakupigiwa kelele za zizini akienda dukani."

"Angewapiga kwa ufagio," alisema Wilf. "Mwache mtoto na jina lake." Lakini alikuwa amechoka, na mambo ya watoto aliyaachia mwanamke, kama wanaume wengi wa pale.

Shuleni Mwalimu Pickersgill alipumua kwa kuchoka. "Mwingine tena, Bi Tordoff? Nikiita Jean darasani wananisimamia kama jeshi. Haya, atakuwa Jean T."

Nyumbani ndiko vita vilikokuwa. Hetty akiita, "Jean, chai tayari," mtoto anaendelea kucheza. Si ukaidi, alikuwa hajui anaitwa yeye. "Jean!" Kimya. Mwishowe Hetty akaweka sheria: asiyeitikia hapati uji mtamu wa mchele baada ya chakula. Averil alikaa mezani, macho yameufuata ule uji ukiliwa na wengine, akauliza, "Kwani Averil amefanya kosa gani?"

Hetty akajifanya hakusikia.

Baada ya muda akawa anaitikia, lakini kwa kuchelewa, kama mtu anayeamshwa. Na ndani ya nyumba tu. Nje, aliposikia Jean, aligeuka kumtafuta Jean.

Ikafika Agosti. Agosti watoto hupanda nyikani, juu ya mji, kuchuma vile vitunda vidogo vyeusi vinavyopaka midomo rangi ya wino. Kila nyumba hungoja pai ya vitunda hivyo. Walikwenda kundi zima na ndoo zao, akiwemo Jean wa akina Hodgson na dada yake mkubwa, ambaye ndiye aliyeambiwa awaangalie wadogo. Asubuhi jua lilikuwa zuri. Alasiri ukungu ukashuka, mzito, wa ghafla, kama inavyotokea kule juu, na mvua nyembamba ikafuata.

Watoto walirudi mbio, midomo myeusi, wanatetemeka. Averil hakuwemo.

"Alikuwa nyuma yangu," alisema yule dada mkubwa akilia. "Nilihesabu wadogo. Niliita Jean na Jean akaitika."

"Jean yupi?" aliuliza Hetty.

Msichana akamtazama mdogo wake wa tumbo moja, akazidi kulia.

Wanawake walijifunga shali wakapanda. Wanaume walikuwa bado viwandani. Bi Sutcliffe alimshika Hetty mkono na hakumwachia njia nzima, maana si mtu mbaya, ni mdomo tu. Wakatawanyika kwenye ukungu kiasi cha kusikiana, wakawa wanaita. "Jean! Jean ee! Jean!" Sauti zilitoka kila upande. Hetty naye aliita Jean mpaka koo likakwaruza.

Mara mbili, tatu, lile jina lingine lilimpanda hadi kwenye ulimi. Alifungua mdomo alitoe. Lakini mkono wa Bi Sutcliffe ulikuwa ndani ya wake, na wanawake wa mtaa mzima walikuwa wanasikia. Akaona watasema, kumbe anajua jina la mtoto ni lile lile. Akalimeza. Akaita tena, "Jean!"

Giza lilipoingia waliteremka kuchukua taa, na Wilf na wanaume wakaendelea, lakini mvua ilikuwa imeongezeka na mtu hakuweza kuona hata mguu wake mwenyewe.

Asubuhi mbwa wa mchungaji mmoja alimkuta ndani ya zizi bovu la kondoo, lisilo na paa, amejikunja kwenye kona ya ukuta, ndoo yake iko mapajani. Zizi lile lilikuwa kando ya njia. Hetty alilikumbuka. Jioni ile, akiita Jean, alikuwa ameuegemea ukuta wake kwa mkono ili apumzike.

Averil alikuwa hai. Lakini kifua kilishashikwa, na hospitali walimweka wiki nyingi. Homa iliposhuka kidogo, Hetty aliinama kitandani.

"Mwanangu, hukutusikia tukiita?"

"Niliwasikia, mama."

"Sasa mbona hukuitika?"

"Mlikuwa mnamtafuta Jean." Alivuta pumzi, na pumzi ilikwaruza. "Nikadhani Jean Hodgson naye amepotea. Nikasema, wakimpata watakuja kunichukua mimi."

Mtoto alikuwa amekaa nyuma ya ukuta, kwenye mvua, anasubiri zamu yake.

Kasisi alikuja kuwatembelea siku iliyofuata. Sasa Hetty hakuona haya tena, alikuwa amechelewa hata kwa haya. Akamuuliza, jina Averil maana yake nini.

"Jina zuri sana," kasisi akasema. "La kale mno. Limeungwa kwa maneno mawili ya mababu zetu: nguruwe dume wa mwituni, na vita. Mashujaa walikuwa wakiweka sanamu ya mnyama yule juu ya kofia zao za chuma, kwa kuwa hakimbii. Palikuwa na mtakatifu wa kike mwenye jina hilo, hapahapa Yorkshire, zaidi ya miaka elfu iliyopita. Siku hizi halipo sana. Una bahati kulipata."

"Kwa hiyo nguruwe yumo."

"Yumo, Bi Tordoff. Lakini si yule wa soseji."

Angeuliza mapema, angeyasikia hayo hayo sebuleni kwa kasisi, mtoto akimsubiri mlangoni na mapafu mazima.

Averil alirudi nyumbani majani ya miti yakiwa yameshaanguka. Hakukimbia tena. Ngazi za nyumba alizipanda kwa kupumzika katikati, na daktari alisema ndivyo itakavyokuwa. Wenzake walipokwenda kucheza, yeye alikaa dirishani na paka. Hetty alimwita Averil tangu siku ile ya hospitali, mchana kutwa, hata pasipo haja. Mtoto aligeuka, ndiyo. Lakini sasa hata kwa jina hilo alichelewa kidogo, akimtazama mama kwanza kuhakikisha kama ni yeye anayetakiwa.

Mama unayesoma haya, mwenye mtoto mwenye jina la peke yake au unayefikiria kumpa, yaepuke haya:

Kuamini maana ya jina iliyoletwa na mtu anayekwambia "mimi simo."

Kuona aibu kumuuliza anayejua.

Kumvua mtoto jina ambalo yeye mwenyewe halimuumi.

Kumnyima mtoto chakula ili aitikie jina.

Kumkabidhi kwa watu wasiojua anaitikia lipi.

Kuwatuma watoto nyikani bila mtu mzima, hata jua likiwaka.

Na akipotea, kuita jina la kuwapendeza majirani. Ita analolijua yeye, kwa sauti yako yote, asikie atakayesikia.