Alama Iliyosahauliwa Kwenye Bango

Bango lilikosa alama moja tu, ile ya juu ya herufi ya mwisho ya neno la kwanza. Kwa Kiyoruba, ukiiweka alama hiyo kitabu changu kinaitwa Jembe la Mama. Ukiisahau, kinaitwa Mume wa Mama. Na Ibadan nzima ilishajazwa mabango.

Mimi nilikuwa nimeandika habari za jembe, jamani! Mume wa mama, Baba Akanbi, hata sikumtaja. Ila yeye hakujua hivyo, na mtaa mzima ulijua anavyompiga mama. Nilikuwa na hakika hasira za mabango atazimalizia kwa mama.

"Usirekebishe," alisema Tolade, aliyeajiriwa na mchapishaji kukinadi kitabu. "Dada, mpaka wauza samaki wa soko la Bodija wanauliza huyo mume kafanya nini! Wewe tabasamu tu."

"Mama yangu analala nyumba moja na huyo mtu."

"Vumilia kipindi kimoja cha redio tu. Kesho yake utasema ukweli."

Saa nne asubuhi tulikuwa studio. Mtangazaji hakunizungusha. "Haya, tuambie, huyu mume wa mama ni nani?"

Nyuma ya kioo Tolade alinitikisia kichwa, kidole mdomoni. Nikasogelea kipaza sauti.

"Ni jembe," nikasema. "Mabango yamekosewa. Kitabu hiki hakimhusu mume wa mtu yeyote."

Mtangazaji akaangua kicheko. Tolade akajishika kichwa. Mimi nikashusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Hatujafika mlangoni, simu ikalia. Alikuwa mama.

"Mwanangu, umesema nini redioni?" Alikuwa ananong'ona.

"Nimekutoa kwenye balaa, Mama. Sasa anajua hayumo."

"Anajua, ndiyo. Tumesikiliza wote. Tangu mabango yabandikwe hajanigusa. Siku sita. Alikuwa ananiuliza kwa upole, eti mwanao kaandika nini. Namwambia, subiri utasoma."

Nikasikia redio ikizimwa kule, kisha mama akaitwa kwa sauti ninayoijua tangu utotoni. Simu ikakatika.

Nikamshika Tolade mkono. "Nirudishe hewani. Sasa hivi."

"Ukaseme nini tena?"

"Kwamba naandika kitabu cha pili. Jina lile lile, bila alama."