Orodha ya Watoto Wasiorudi

Siku ya kwanza ya mafunzo, fundi wa miguu bandia nusura achukue kofia yake aondoke. Alikuwa amejichagulia kompyuta ya nyuma kabisa, akijipa moyo kwamba hapo hakuna atakayemjua. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwalimu. Kumbe ni mkaza mwanawe, mke wa mwanawe wa kwanza, ambaye hata nyumbani hapiti mbele yake bila kumwomba radhi.

"Shikamoo, baba," mwalimu akasema.

"Marahaba, mwanangu," akajibu fundi, na darasa zima likageuka kumtazama.

Kukimbia kusingemsaidia. Karakana yao ilikuwa imeunda miguu ya watoto na watu wazima kwa miaka kumi na tisa, na kumbukumbu zote zilikaa kwenye kadi, ndani ya kabati la chuma ambalo droo yake ya chini haikufunguka mpaka ipigwe teke. Karani aliyelielewa kabati hilo alikuwa amestaafu. Msimamizi akataka kadi ziingizwe kwenye kompyuta, na nyingi kati ya hizo fundi aliziandika kwa mkono wake. Basi akapewa wiki tatu: asubuhi darasani, mchana karakanani akiingiza kadi, na kazi yake akiibeba huku na huko kwenye flashi.

Vidole vyake vilizoea plasta na tupa. Kwenye kompyuta viligonga herufi mbilimbili kwa mpigo. Lakini mkaza mwana alijua kufundisha. Jedwali, alisema, ndilo kabati lenyewe, na kila mstari wake ni kadi ya mtu mmoja. Fomu ni dirisha la kupitishia kadi mpya bila kuvuruga kabati. Ripoti ni karatasi unayoichapa, mtu mwingine akaisoma akaelewa.

"Na swali?" akauliza muuguzi aliyekaa jirani na fundi.

"Swali ndilo linalofanya tuhangaike na hayo mengine yote. Unaiuliza kompyuta, inakutafutia."

Kitu kimoja kikaanza kumkera fundi. Muuguzi akikosea, mwalimu alimwinamia akasema, "Hapana, futa, anza tena." Mtunza stoo wa safu ya mbele naye vivyo hivyo. Ila akifika kwa fundi, alitazama skrini, akasema, "Vizuri sana, baba," akapita.

Wiki ya pili ilipokwisha, fundi alikuwa ameingiza kadi mia nne na kumi na mbili. Darasani akaandika swali lake la kwanza la maana. Mtoto hukua, mguu wa bandia haukui. Kila baada ya mwaka mmoja, au mmoja na nusu, inabidi aundiwe mwingine. Ni watoto gani waliopitisha muda huo? Akabonyeza. Likatokea jedwali tupu.

"Safi!" akasema muuguzi. "Hakuna aliyechelewa."

Fundi alitamani kuamini. Lakini alikuwepo msichana mmoja ambaye yeye mwenyewe alimpa jina la utani la Kipepeo, na ambaye hajamtia machoni kwa miaka miwili na zaidi. Mbona hayumo? Akamtazama mkaza mwanawe. Mkaza mwana alikuwa akitazama sakafu.

Wenzao walipotoka kwenda kunywa chai, fundi akamwita.

"Mwanangu, swali langu liko sawa?"

"Swali liko sawa, baba."

"Na jibu?"

Mkaza mwana akachezea kifuniko cha kalamu.

"Kosa umeliona siku nyingi, siyo?"

"Niliogopa, baba. Nitamwambiaje mkwe wangu amekosea, tena mbele za watu?"

"Ukwe tumeuacha nyumbani. Hapa mimi ni mwanafunzi, tena wa viti vya nyuma. Nikikosea, niambie nimekosea."

Akavuta pumzi. "Basi umekosea. Tarehe zote umeziandika kwa maneno. 'Mwisho wa mwezi wa tatu.' 'Jumatatu baada ya likizo.' Kompyuta haiwezi kuzihesabu hizo."

"Zote?"

"Zote mia nne na kumi na mbili."

Fundi akashika kichwa. Halafu kicheko kikamtoka bila hodi. "Na wewe unaniambia vizuri sana!" Mkaza mwana akaziba mdomo kwa mkono, naye akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Kurekebisha kuliwachukua siku nne. Baada ya darasa mkaza mwana alimfuata mkwewe karakanani. Fundi akasoma kadi, yeye akajaza fomu aliyoitengeneza upya, isiyokubali tarehe ila ya namba.

"Jumatatu baada ya likizo ni tarehe ngapi, baba?"

"Ngoja kwanza. Tanuri jipya lililetwa siku hiyo. Kuna stakabadhi yake mahali."

Swali likarudiwa. Safari hii yalitokea majina thelathini na manne, na la Kipepeo lilikuwa la sita. Fundi akayafuata kwa kidole hadi la mwisho.

"Nilijua asiyerudi yuko salama," akasema taratibu.

Wakachapa ripoti yenye majina na namba za simu. Kesho yake asubuhi akaanza kupiga. Kwa kina Kipepeo akapokea bibi yake.

"Anatembea vizuri tu," akasema bibi. "Mguu ulipokuwa mfupi tukaupigilia soli ya kandambili. Sasa zimefika tatu."

"Mbona hamkuja kubadilisha, bibi?"

"Kwani unabadilishwa? Sisi tulijua mtu hupewa mara moja, basi."

Fundi akaitazama ile ripoti ya majina. Miaka kumi na tisa alikuwa akiwavisha watoto miguu, akiwafundisha kupanda ngazi, na hakuwahi kumwambia hata mzazi mmoja neno la kurudi. Alidhani wanajua.

"Kosa ni langu," akasema. "Mlete Alhamisi."

Kipepeo alikuja amerefuka, kiuno kimepinda upande. Fundi akapima: bila zile soli, mguu ulipungukiwa na sentimita sita. Baada ya wiki mbili Kipepeo akasimama na mguu mpya, akashangaa kuona mabega yake yako sawa kwenye kioo.

"Na huu utakuwa mfupi lini?" akauliza.

"Mwakani, ukiendelea kurefuka hivi."

"Basi niandike kabisa."

Fundi akamwandika, kwa tarehe ya namba.

Katika wale thelathini na wanne, ishirini na sita walikuja. Wanane simu zao hazikupatikana. Jumamosi, fundi na mkaza mwanawe wakachapa ripoti ya hao wanane, mtaa kwa mtaa, wakatoka kwenda kuwatafuta.